UZI: Simu zenye Wi-Fi zinazouzwa na mitandao ya simu. Tulinganishe kilichomo ndani kabla ya kulipa kianzio

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Wanajamvi, salaam.

Ukiingia leo katika duka la mtandao wowote wa simu hapa mjini Tanga, utakuta simu zimepangwa kwa bei nyuma ya kioo, kila moja ikiwa na karatasi inayotaja kamera, nafasi ya kuhifadhi, ukubwa wa kioo na bando la zawadi. Wi-Fi, kama imetajwa, imewekwa mwishoni kabisa, kana kwamba ni kitu kimoja kinachofanana kwenye kila simu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza fedha. Mtu ambaye kazini kwake kuna Wi-Fi, na nyumbani wapangaji wamechangiana ruta moja, hutumia redio ya Wi-Fi ya simu yake, yaani sehemu inayorusha na kupokea mawimbi, kwa saa nyingi kuliko kamera, lakini redio hiyo ndiyo asiyoiulizia hata kwa swali moja.

Wi-Fi ya simu zetu husafiri kwa masafa ya mawimbi ya GHz (gigahezi) 2.4 na GHz 5. Kiwango cha 802.11n, kilichopitishwa mwaka 2009 na ambacho tangu 2018 Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaosimamia jina la Wi-Fi, inakiita Wi-Fi 4, kinaweza kutumia masafa yote mawili, ila watengenezaji wa simu za bei nafuu mara nyingi huweka upande wa 2.4 peke yake ili kupunguza gharama. Kiwango cha 802.11ac, yaani Wi-Fi 5, kilitoka mwaka 2013 na hufanya kazi kwenye GHz 5, kwa hiyo simu iliyo nacho huwa imebeba masafa yote mawili. Kwa antena moja, ambayo ndiyo kawaida ya simu za daraja la chini, Wi-Fi 4 kwenye 2.4 hufikia takriban megabiti 72 kwa sekunde kwenye karatasi, ilhali Wi-Fi 5 hufikia megabiti 433. Katika matumizi halisi ni nadra kupata zaidi ya nusu ya tarakimu hizo, lakini uwiano kati yao unabaki palepale.

Kuna atakayesema kwamba ruta ya nyumbani kwake inaleta megabiti 10 tu, kwa hiyo hizo 433 hazimhusu. Hoja hiyo ni ya haki, na kama unaishi Raskazone katika nyumba yenye uwanja mpana na hakuna jirani karibu, uamuzi wako unaweza kuishia hapo. Ngamiani ni habari nyingine. Katika zile barabara za namba nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, na ukifungua orodha ya mitandao ya Wi-Fi jioni unaona majina ya ruta za majirani yakijaza kioo kizima. Masafa ya 2.4 yana chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humo humo hupita Bluetooth pamoja na mawimbi yanayovuja kutoka majiko ya maikrowevu. Simu ya 2.4 peke yake haina pa kukimbilia. Simu yenye GHz 5 inahamia kwenye chaneli nyingi zaidi ambazo watu wachache wanazitumia, mradi ruta nayo iwe na masafa hayo na uwe umekaa chumba hicho hicho au cha pili yake, kwa sababu GHz 5 huchoka haraka inapokutana na ukuta mnene.

Jambo hili lina upande mwingine ambao sijaona ukijadiliwa. Hewa ya Wi-Fi hutumiwa kwa zamu. Simu yenye kasi ndogo ikipata zamu yake, huchukua muda mrefu kuvuta kiasi kile kile cha data kuliko simu yenye kasi, na wakati huo wengine wote wanasubiri, kama magari yanavyosubiri nyuma ya mkokoteni kwenye uchochoro. Kwa hiyo katika nyumba ya wapangaji sita waliochangiana ruta, uchaguzi wa simu moja unawagusa na wengine watano. Nadhani hata mwenye nyumba anayeweka ruta kwa ajili ya wapangaji angefaa kulizungumza hilo nao.

Sasa nitoe mfano wa simu zinazojulikana. Samsung Galaxy A12, iliyotangazwa mwishoni mwa 2020, ina Wi-Fi 4 ya masafa ya 2.4 pekee. Galaxy A13 ya mwaka 2022 ina Wi-Fi 5 na masafa yote mawili. Majina yanafuatana, maumbo yanakaribiana, na kwenye maduka ya simu zilizotumika bei zake hazipishani sana, lakini kwa mtu anayeishi Barabara ya 9 au ya 15 hizo ni simu mbili tofauti kabisa. Galaxy A05 ya 2023, ambayo ni ya daraja la chini kuliko zote mbili kwa nafasi yake sokoni, nayo ina masafa yote mawili. Kwa hiyo bei kubwa peke yake haikuhakikishii redio bora, na wala jina la kampuni halikuhakikishii. Itel, Tecno na Infinix wana matoleo ya aina zote, na toleo moja linaweza kubadilishwa chipu kati ya nchi na nchi, ndiyo maana nashauri kupima simu yenyewe iliyoko mkononi badala ya kutegemea uliyoyasoma kuhusu jina lake.

Jambo la pili ni kufungwa kwa mtandao. Baadhi ya simu zinazouzwa na kampuni za simu kwa bei ya punguzo hukubali laini ya kampuni hiyo pekee. Tangu tarehe 1 Machi 2017 sheria yetu inamruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba, na hiyo ni haki kubwa, lakini namba inahama, simu iliyofungwa haihami. Ukinunua simu ya namna hiyo, halafu ukahamishiwa kikazi kijiji ambacho mtandao ule haushiki, utabaki na kifaa kinachofanya kazi penye Wi-Fi tu. Nenda dukani ukiwa na laini ya mtandao mwingine na uombe kuichomeka kabla ya kulipa.

La tatu ni malipo ya kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa simu ambayo taslimu ni shilingi 220,000, na kwa mkopo ni kianzio cha 50,000 pamoja na 1,000 kila siku kwa mwaka mzima. Marejesho peke yake ni 365,000, ukiongeza kianzio unafika 415,000. Kwa jumla hiyo ungeweza kununua taslimu simu yenye Wi-Fi 5, kioo kizuri na betri kubwa, na ukabakiwa na nauli. Simwambii mtu asikope, kwa sababu wapo ambao elfu moja kwa siku ndiyo njia pekee inayowezekana, na simu kwao ni nyenzo ya kazi. Ninachoomba ni kwamba mtu anayekubali kulipa 415,000 alinganishe simu hiyo na simu nyingine za 415,000, asiilinganishe na zile za 220,000. Zaidi ya hayo, ajue kwamba siku asipolipa simu hujifunga, na simu iliyojifunga haitampa hata Wi-Fi ya bure ya ofisini.

Naomba michango ya wenye uzoefu, hasa mliopo nje ya mji.

Muuza vitenge (Soko la Mgandini)

Ahsante kwa uzi wenye manufaa, kaka yangu. Mimi sihitaji simu kubwa. Nina biashara, mikono imeshika vitambaa mchana kutwa, na simu ya batani inanitosha kwa sababu chaji yake inakaa. Jirani yangu wa dukani ana Wi-Fi na ameniruhusu niitumie. Nilisikia kwamba kampuni za simu zimewahi kutoa kitochi chenye Wi-Fi na WhatsApp. Je, nikitafute? Na je, nikiwa kwenye Wi-Fi ya jirani naweza kupokea malipo ya wateja hata pale ambapo mnara unasumbua?

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Dada, maswali yako yote mawili ni ya msingi, na nitayajibu kwa kirefu kwa sababu najua yanawahusu wafanyabiashara wengi.

Ni kweli kwamba vitochi vya aina hiyo vilikuwepo. Vodacom ilileta Smart Kitochi mwaka 2019, simu ya batani inayotumia mfumo wa KaiOS, na kabla yake Nokia walikuwa na 8110 4G ya mwaka 2018 yenye mfumo huo huo, Wi-Fi, na hata uwezo wa kugawa intaneti kwa vifaa vingine. Kwa wakati wake lilikuwa wazo jema sana, kwa kuwa lilimpa mtu wa kipato kidogo WhatsApp na YouTube bila kumlazimisha kununua simu ya kioo. Tatizo ni kwamba WhatsApp waliacha kutoa programu yao kwa KaiOS mwezi Juni 2024, na waliokuwa nayo tayari waliachiwa hadi mwanzoni mwa 2025. Leo ukiuziwa kitochi cha KaiOS kwa ahadi ya WhatsApp, umeuziwa ahadi iliyokwisha muda wake. Redio ya Wi-Fi ndani yake bado ni nzima, lakini kwa kazi ya dukani bila WhatsApp sioni kama itakufaa.

Jihadhari pia na maandishi ya 4G kwenye boksi la simu ya batani. Nokia 105 4G, kwa mfano, ina 4G lakini haina Wi-Fi kabisa. Hizo ni redio mbili tofauti, na moja haimaanishi kwamba nyingine ipo.

Kuhusu malipo, menyu za nyota na reli kama *150*00# ya M-Pesa hupita kwenye mawimbi ya mnara wenyewe. Hazipiti kwenye Wi-Fi wala kwenye bando. Mnara ukisumbua, hazifunguki, hata kama Wi-Fi ya jirani ina kasi kubwa kiasi gani. Ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo nao kwa kawaida huja kwa njia hiyo hiyo ya mnara. Programu ya kampuni ya fedha iliyowekwa kwenye simu janja inaweza kufunguka kwa Wi-Fi na kukuonyesha salio na miamala, na hapo ndipo simu janja ndogo inapokupa faida ambayo kitochi hakiwezi. Ushauri wangu ni ubaki na kitochi chako kwa laini ya biashara, kisha, uwezo ukiruhusu, uongeze simu janja ya bei ya chini isiyofungwa mtandao kwa ajili ya WhatsApp na programu hizo. Kwa Wi-Fi ya jirani anayekaa mlango wa pili, hata ya 2.4 itakutosha kwa kazi hiyo.

Mwalimu (Amani, Muheza)

Nimesoma kwa makini na ninatofautiana na mwanzisha uzi kwa heshima. Huku milimani hakuna ruta za majirani za kugombania chaneli. Shuleni kwetu hakuna Wi-Fi, na nyumbani hakuna. Kinachoniamulia mimi ni kama simu inashika 4G nikiwa nyuma ya kilima, kwa hiyo ningependa mlinganisho uanze na masafa ya mnara, na Wi-Fi ije baadaye sana. Simu ninayotumia niliinunua duka la mtandao mjini Tanga, pale ilikuwa na 4G kamili, nilipofika huku ikarudi kuwa ya 3G. Mwenzangu mwenye simu tofauti na laini ya mtandao ule ule anapata 4G akiwa chumba kimoja nami.

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Mwalimu, kwa mazingira yako mpangilio huo ni sahihi kabisa, na tukio ulilolieleza lina sababu ninayoweza kuikisia. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya vizuizi vizuri kuliko masafa ya juu. Mwaka 2018 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliuza kwa mnada masafa ya MHz 700, na washindi walikuwa Vodacom Tanzania na Azam Telecom. Masafa ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kwa vijiji na milima, wakati MHz 1800 hubeba watu wengi mjini lakini haiendi mbali kama hiyo. Simu isiyo na bendi (fungu la masafa lenye namba yake) ya mnara wa kwenu haitaona 4G ya mnara huo hata ukiikumbatia, itashuka tu hadi 3G au 2G. Kwa MHz 700, bendi ya kuulizia ni ya 28, na kwa MHz 800 ni ya 20. Mwombe mwenzako akuonyeshe jina kamili la toleo la simu yake kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, ulinganishe bendi zake na za kwako.

Lakini naomba usiiweke Wi-Fi mbali sana. Umesema shuleni hakuna Wi-Fi, na najua walimu wengi wa huko huwasha hotspoti ya simu, ile ambayo menyu ya Kiswahili ya Android inaiita mtandao-hewa, ili kompyuta ya shule ipate intaneti ya kuingiza matokeo au kupakua mitihani. Hotspoti hiyo ni Wi-Fi. Simu yako wakati huo imegeuka ruta, na kila udhaifu wa redio yake unaupata kila aliyejiunga. Hapo kuna jambo linalowasumbua wengi: simu za iPhone kuanzia toleo la 12 hugawa hotspoti kwa GHz 5 zisipoamriwa vinginevyo, kwa hiyo kompyuta ya zamani au simu ya 2.4 pekee haitaliona jina la mtandao huo kabisa. Mwenye iPhone anapaswa kuwasha chaguo la kuongeza uoanifu (Maximize Compatibility) kwenye ukurasa wa hotspoti ili irudi 2.4. Nimeona watu wakibishana nusu saa wakidhani bando limekwisha, kumbe vifaa viwili vinazungumza kwa masafa tofauti.

Vilevile, penye mnara dhaifu simu hulazimika kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na betri huisha haraka. Hotspoti ikiwa imewashwa juu ya hali hiyo, simu hupata joto. Kwa mwalimu wa Amani ningetazama kwanza bendi, pili ukubwa wa betri, tatu kama hotspoti yake inachagua kati ya 2.4 na 5. Kamera ingekuja mwisho.

Kijana wa Barabara ya 12 (Ngamiani)

Shikamooni wakubwa. Shemeji yangu yupo Marekani na ameniambia ataniletea simu ya mtandao wa huko, kwa kuwa mitandao ya kule huuza simu kubwa kwa bei ndogo ukifunga mkataba. Je, Wi-Fi na laini za huku zitafanya kazi? Mjini kuna watu wanaotumia iPhone zenye kijichipu chini ya laini na wanasema hakuna shida.

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Marahaba, kijana. Wi-Fi haina mpaka wa kampuni ya simu, kwa hiyo itafanya kazi. Laini ndiyo yenye mashaka, kwa sababu mbili. Kwanza, simu ya mkataba kwa kawaida imefungwa kwa kampuni iliyoiuza hadi masharti yake yatimie. Marekani walipitisha sheria mwaka 2014 inayomruhusu mteja kufunguliwa simu yake, lakini ni baada ya deni kumalizika. Kile kijichipu kinachowekwa chini ya laini huidanganya simu kuhusu mtandao iliopo, na sasisho moja la mfumo linaweza kukivunja nguvu siku yoyote. Siwezi kumshauri mdogo wangu atoe fedha kwa kitu cha namna hiyo. Mwombe shemeji aifungulie kihalali kabla ya kusafiri. Pili, katika eneo la MHz 700 mitandao ya Marekani hutumia bendi za 12, 13 na 17, ambazo si ile ya 28 niliyomweleza Mwalimu. Hapa mjini huenda usione tofauti, ukienda Handeni au Lushoto ukaiona.

Kwa kuwa umeitaja mitandao ya Marekani, iko historia ambayo kila mnunuzi wa simu ya kampuni angefaa kuijua. Mwaka 2006 Nokia walikuwa na E61, simu ya kazi yenye Wi-Fi. Kampuni ya Cingular ya Marekani ilipoiingiza kwa wateja wake ililetwa kwa jina la E62, umbo lile lile, batani zile zile, lakini Wi-Fi imeondolewa pamoja na 3G. Mwaka 2008 BlackBerry Storm ilitolewa na Verizon bila Wi-Fi, na ilibidi wateja wasubiri Storm2 ya mwaka uliofuata ndipo waipate. Mwaka 2009 iPhone ilipoanza kuuzwa rasmi China na China Unicom, nayo haikuwa na Wi-Fi, na huko sababu ilikuwa masharti ya serikali yao kuhusu kiwango cha usalama wa mitandao isiyo na waya. Upande wa pili, T-Mobile ya Marekani mwaka 2007 ilitoa huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani, ikaanza na simu mbili za kawaida kabisa, Nokia 6086 na Samsung T409, bila kuhitaji simu janja.

Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba kampuni ya simu inayokuuzia kifaa huwa na maslahi yake katika redio zilizomo ndani. Kampuni inayoishi kwa kuuza data haina haraka ya kukupa njia ya kuikwepa, na kampuni yenye minara michache hufurahi ukitumia ruta yako. Siku hizi hakuna anayeondoa Wi-Fi kabisa kwenye simu janja, lakini kuchagua chipu ya 2.4 pekee kwa toleo la bei nafuu bado ni uamuzi wa mtu fulani ofisini, na wewe ndiye unayeishi nao miaka mitatu.

Fundi wa simu (Makorora)

Naongezea kutokana na kazi zinazoletwa mezani kwangu. Simu nyingi zilizotumika ambazo mteja analalamika kwamba Wi-Fi inashika akiwa karibu na ruta tu, hazina tatizo la programu. Zimefunguliwa na fundi aliyetangulia, na waya mwembamba wa antena haukurudishwa vizuri, au vile vidole vya chuma vinavyogusana na antena kwenye fremu vimepinda au vimeingia kutu. Hewa ya pwani yetu ina chumvi, na simu iliyowahi kuingia maji ya bahari huonyesha dalili hiyo mapema. Kuna nyingine ambazo kitufe cha Wi-Fi kimepauka na hakikubali kuwashwa. Hiyo mara nyingi ni chipu kwenye bodi, na gharama ya kuitengeneza inaweza kukaribia bei ya simu yenyewe. Kwa hiyo anayenunua simu iliyotumika asitosheke kuona Wi-Fi imewaka. Atembee nayo, aende mpaka nje ya duka, aone kama bado imeshika.

Tena simu bandia zipo. Bonyezeni *#06# mpate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, muilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha muitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili mfumo wa TCRA uwaambie ni simu gani. Tangu simu bandia zilipozimwa mwezi Juni 2016 watu wamesahau, lakini bado naletewa simu ambayo nje ni jina kubwa na ndani Wi-Fi yake ni ya chipu ya miaka mingi iliyopita.

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Fundi, nakushukuru sana, hasa kwa hilo la kutembea nayo. Nitaliingiza kwenye maelezo ninayowapa watu.

Muuza vitenge (Soko la Mgandini)

Kaka, nimeelewa kuhusu kitochi. Jumamosi nakwenda na binti yangu anayeanza chuo kumnunulia simu katika duka la mtandao. Bwenini kwao kuna Wi-Fi lakini anasema wanafunzi ni wengi. Mimi si mtaalamu, na muuzaji akianza kuniambia megapikseli nitachanganyikiwa. Nifanye nini hasa nikiwa pale, na wakikataa kufungua boksi je?

Mwanzisha uzi (Chumbageni, Tanga)

Dada, hongera kwa binti. Bweni lenye wanafunzi wengi ni mahali ambapo GHz 5 ina thamani kuliko popote tulipotaja katika uzi huu, kwa hiyo kwake usikubali simu ya 2.4 pekee kama fedha inatosha kupanda daraja moja. Afadhali upunguze kwenye nafasi ya kuhifadhi, kwa sababu kadi ya kumbukumbu inaweza kuongezwa baadaye kwenye simu nyingi za Android, lakini redio haiongezwi.

Namna rahisi ya kujua bila utaalamu ni kufungua Mipangilio ya simu unayoitaka, kuingia kwenye mtandao-hewa, na kuangalia kama inakupa kuchagua kati ya GHz 2.4 na GHz 5. Ikikupa, redio ya 5 ipo. Isipokupa, usihukumu bado, kwa kuwa baadhi ya simu hupokea GHz 5 bila kuweza kuigawa. Hapo tafuta mtu mwenye iPhone 12 au toleo la baadaye, awashe hotspoti akiwa amezima lile chaguo la uoanifu, na binti aangalie kama jina la hotspoti hiyo linaonekana kwenye simu mnayoipima. Likionekana, mmepata jibu. Wakati huo huo chomeka laini ya mtandao mwingine uone kama inasoma.

Wakikataa kufungua boksi, waombe simu ya maonyesho ya toleo lile lile, na uhakikishe kwamba namba ya toleo iliyoandikwa nyuma ya boksi ndiyo ile iliyo kwenye Kuhusu simu ya hiyo ya maonyesho, herufi kwa herufi, maana tofauti ya herufi moja mwishoni inaweza kuwa tofauti ya redio. Kama hakuna ya maonyesho na hawafungui, duka jingine lipo mtaa wa pili. Mkikubaliana, dai risiti ya EFD yenye IMEI na muda wa dhamana, na uulize kwa maandishi kama bando la zawadi ni la mchana au la usiku, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusoma kwa bando linalofunguka saa sita usiku.